Mwenye Njia na Mwenye Kalamu: Kumbukumbu za Safari kutoka Maisha ya Tippu Tip hadi Msitu wa Ituri

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili kuna tawasifu ya msafiri. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake huko Unguja kwa hati za Kiarabu baada ya kuacha safari za bara. Heinrich Brode aliyageuza maandishi hayo kuwa katika hati za Kilatini, na yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. W. H. Whiteley aliyafasiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na François Bontinck akayafasiri kwa Kifaransa mwaka 1974. Tangu hapo Maisha ya Hamed bin Muhammed yamesomwa kwa namna mbili. Wanahistoria wameyachimba kutafuta habari za biashara ya pembe na za utawala wa Manyema. Wanafasihi, kwa upande wao, wameyataja kama chimbuko la tawasifu ya Kiswahili, aghalabu katika aya moja ya utangulizi kabla ya kuendelea na Shaaban Robert.

Namna zote mbili zina dhana moja iliyojificha, nayo ni kwamba mtu aliyesafiri umri wake wote kwa hiari yake, kisha akaandika, ndiye mwenye hadithi. Makala haya yanaihoji dhana hiyo. Yanakusudia kuonyesha kwamba uhuru wa msafiri haukuwa kitu kimoja katika karne ya kumi na tisa, na haufai kuhakikiwa kama kitu kimoja. Kuna uhuru wa njia, yaani mtu kuamua mwenyewe aende wapi na arudi lini. Kuna uhuru wa mali, yaani kusafiri bila kufungwa na deni au mshahara. Tena kuna uhuru wa kalamu, yaani kuamua lipi liandikwe na lisomwe na nani. Ni nadra mtu mmoja kuwa nao wote. Ili kulibainisha jambo hili, makala yanalinganisha wasafiri watatu: Hamed bin Muhammed mwenyewe, Selim bin Abakari aliyefika Siberia, na Uledi Balyuz, aliyejulikana kama Ugarrowwa, ambaye aliishia katika msitu wa Ituri bila kuacha hata ukurasa mmoja. Kutoka kwa huyo wa tatu uchambuzi utafika Niania, mji mdogo wa njia panda katika msitu huo, ambako swali la nani aliyeweka kumbukumbu lina uzito wa pekee.

2.0 Hamed bin Muhammed: njia yake, mali ya mwingine

Maisha huanzia utotoni. Msimulizi ana umri wa miaka kumi na miwili anapoanza safari fupi fupi za kununua sandarusi, akibeba mizigo midogo, ilhali wakubwa wake wanakwenda mbali zaidi. Baadaye safari zinarefuka: Tabora, Tanganyika, kwa Nsama wa Itahwa ambaye alimshinda mwaka 1867, kisha safari kubwa iliyoanza mwaka 1870 na kumrudisha Unguja mwaka 1882. Kwa miaka hiyo alikutana na Livingstone, na Cameron, na Stanley, na Wissmann. Wazungu hao wote walikuja kuandika juu yake. Hiki ni kitu adimu katika historia ya bara hili: msafiri Mswahili na wasafiri wa Ulaya wakielezana, kila mmoja kwa kalamu yake, na msomaji akiweza kuziweka kauli zao sambamba.

Zinapowekwa sambamba, tofauti ya fani hujitokeza mara moja. Stanley, katika Through the Dark Continent (1878), huhesabu siku, hupima latitudo, hueleza mandhari na kujiweka katikati ya kila tukio. Hamed hana haja na mandhari. Mito na misitu hutajwa pale inapozuia au inapofungua biashara. Kinachojaza kurasa zake ni mazungumzo: fulani alisema, naye akajibu, wakapatana au wakagombana. Safari, kwake, ni mfululizo wa mapatano. Kwa hiyo hata muda haupimwi kwa tarehe, bali kwa mambo yaliyokamilika, kama vile pembe zilizopatikana, mtu aliyelipwa, mtawala aliyesalimu amri. Hilo lisihesabiwe kuwa upungufu wa mwandishi asiyejua kuweka shajara. Ni mfumo wa kumbukumbu wa mfanyabiashara ambaye neno la mdomo lilikuwa mkataba wake, na ambaye angeweza kukumbuka kauli ya mtu baada ya miaka thelathini kwa sababu kauli hiyo ilikuwa na thamani ya frasila kadhaa.

Uhodari wa mfumo huo unadhihirika katika kisa cha Kasongo Rushie wa Utetela. Hamed anasimulia jinsi alivyopata habari za dada wa mtawala huyo waliochukuliwa mateka zamani, na jinsi alivyoitumia habari hiyo kudai kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Dai lilikubaliwa, na mzee Kasongo Rushie akamkabidhi utawala. Jambo la kushangaza si hila yenyewe, kwani historia imejaa nasaba za kubuni. Linaloshangaza ni kwamba msimulizi anaieleza bila kujificha. Msomaji anaonyeshwa namna kumbukumbu ya mtu mwingine, yaani huzuni ya familia iliyopoteza mabinti, ilivyochukuliwa na kugeuzwa kuwa cheo. Hapa tawasifu yenyewe inatoa ufunguo wa kuisomea: anayemiliki habari anamiliki nchi. Mhakiki anayepita juu ya kisa hiki kama kichekesho anaupoteza ufunguo huo.

Je, msafiri huyu alikuwa huru? Kuhusu njia, bila shaka. Mara nyingi aliamua mwenyewe kuacha njia iliyozoeleka na kuingia nchi ambazo misafara ya pwani ilikuwa bado haijazifikia. Kuhusu mali, jibu ni gumu zaidi. Misafara yake iliendeshwa kwa mikopo, hasa kutoka kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, na kurasa za Maisha hurudi tena na tena kwenye hesabu za deni. Pembe iliyobebwa kutoka Manyema ilikuwa tayari ina mwenyewe pwani kabla haijafika. Kisha mwaka 1887 hata uhuru wa njia ulipungua. Stanley alimchukua kwa meli kutoka Unguja, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo, na Hamed akakubali kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa dola ya Mfalme Leopold II. Mtu aliyekuwa ameifikia nchi hiyo kwa miguu kutoka mashariki akaingizwa humo kutoka magharibi kama mwajiriwa. Alikaa hadi mwaka 1890, kisha akarejea Unguja, ambako alifariki mwaka 1905.

Uhuru wa tatu, wa kalamu, ndio uliomjia mwisho. Ni kweli kwamba Brode ndiye aliyeyapokea maandishi, na msomaji wa kwanza aliyelengwa alikuwa mwanafunzi wa lugha huko Berlin. Hata hivyo, sauti inayosikika ni ya mtu asiyemwogopa mhariri wake. Anamlaumu Stanley kwa ahadi zisizotimizwa, na anaeleza upya, kwa upande wake, mapatano ambayo Stanley alikuwa amekwisha kuyaeleza katika vitabu vilivyouzwa duniani kote. Katika uzee wake, mali ikiwa imekwisha kuhesabiwa na njia zikiwa zimefungwa, Hamed aliitumia kalamu kujibu.

Pamoja na hayo yote, kuna watu wasiojibu kitu katika kitabu hiki. Nao ni wale waliobeba. Pembe hutajwa kwa frasila. Wabebaji aghalabu hawatajwi kwa majina. Wapagazi wa kulipwa na watumwa walitembea maili zile zile, wengi wao bila hiari, na wengine hawakurudi. Tawasifu inayosifiwa kwa kukumbuka kila kauli ya mapatano imewasahau kwa sababu wao hawakuwa upande wowote wa mapatano. Kuisoma kama kumbukumbu ya safari huru, pasipo kulisema hilo, ni kukubali hesabu ya mwenye pembe.

3.0 Selim bin Abakari: njia ya bwana, jicho la mtumishi

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Waandishi wake, akiwamo Sleman bin Mwenye Chande na Mtoro bin Mwinyi Bakari, waliandika kwa kuombwa na Velten, ambaye alitaka matini za kufundishia na za kuelezea desturi. Katika mkusanyo huo limo simulizi la Selim bin Abakari kuhusu safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896 pamoja na bwana wake, Dk. Bumiller.

Hali ya Selim ni kinyume cha hali ya Hamed. Njia haikuwa yake. Hakuamua kwenda Petersburg wala hakuamua kuondoka huko. Alikuwa mtumishi, na mtumishi huenda anakopelekwa. Kalamu nayo iliombwa na mtu mwingine. Kwa vipimo vya kawaida vya msafiri huru, angehesabiwa kuwa mzigo mmojawapo wa safari ya mtu mwingine. Lakini simulizi lake ni miongoni mwa maandishi yenye udadisi mwingi katika nathari ya Kiswahili ya kale. Selim hutazama. Hueleza watu, miji, desturi na ibada, hulinganisha, hukutana na Waislamu wa nchi za mbali ambao hana lugha moja nao ila ana kibla kimoja, na mkutano huo humpa mahali pa kusimama ambapo bwana wake hana. Mzungu amekwenda Siberia kutalii, na Mswahili amempeleka msomaji wa Pwani mahali ambapo dini ya nyumbani inaonekana katikati ya baridi ya ugenini.

Tofauti ya fani baina ya waandishi hawa wawili inaeleweka kutokana na nafasi zao. Hamed hakuwa na haja ya kueleza, kwa kuwa alitenda. Selim hakuwa na nafasi ya kutenda, hivyo akaeleza. Uhuru alionyimwa barabarani aliupata kwa kiasi fulani ndani ya sentensi. Kwa sababu hiyo si sahihi kudai, kama inavyodaiwa mara kwa mara, kwamba maandishi yaliyoagizwa na mkoloni hayana sauti ya mwandishi. Swali linalofaa ni sauti hiyo imejipenyeza wapi, na imenyamaza wapi. Kwa mfano, msomaji atafute ni mara ngapi Selim anamhukumu bwana wake waziwazi. Penye ukimya huo ndipo mkono wa aliyeagiza unapoonekana.

4.0 Uledi wa Ituri: maisha bila daftari

Msafiri wa tatu hana kitabu. Katika In Darkest Africa (1890), Stanley anaeleza msafara wake wa kumwokoa Emin Pasha, ulioondoka Yambuya mwezi Juni 1887 na kupenya msitu wa Ituri hadi ziwa Albert mwezi Disemba mwaka huo. Katikati ya msitu, ukiwa umedhoofishwa na njaa na maradhi, msafara ulifika katika makazi ya mtu aliyeitwa Ugarrowwa, na wagonjwa wakaachwa kwake. Stanley anataja kwa kupita kwamba jina lake la awali lilikuwa Uledi Balyuz, na kwamba alikuwa mtoto wa hema katika msafara wa Speke.

Maelezo hayo mafupi yanatosha kuonyesha umri mzima wa safari. Msafara wa Speke na Grant ulikuwa wa miaka ya 1860 hadi 1863. Mtoto aliyetandika kitanda cha Mzungu njiani kuelekea chanzo cha Nili alikuwa, baada ya karibu robo karne, kiongozi mwenye bunduki, mashamba na watu kando ya mto Ituri, na Mzungu mwingine akawa anamwomba hifadhi. Mwaka 1888 Stanley alikutana naye tena, wakati huo Ugarrowwa akiteremka mto na mitumbwi yake. Alitoka kuwa mtumishi akawa mwenye njia. Kwa upande wa uhuru wa njia alipanda ngazi ndefu kuliko hata Hamed, ambaye alizaliwa katika ukoo wa wafanyabiashara.

Kumbukumbu ya maisha hayo imebaki kwa mtu aliyepita siku chache. Aliyoyaona kati ya Speke na Ituri, aliyowatendea wanavijiji wa msituni na waliyomtendea, lugha alizojifunza, watu aliowaacha pwani, yote hayo hayamo. Wala haifai kumpamba. Makazi ya aina yake yalisimama kwa nguvu ya bunduki, na wenyeji wa Ituri, waliotekwa, waliochomewa vijiji na kunyang'anywa pembe, wana sababu ya kumkumbuka vingine. Hao nao hawakuandika. Kwa hiyo katika ukurasa mmoja wa Stanley kuna tabaka mbili za ukimya: ukimya wa msafiri asiye na kalamu, na chini yake ukimya wa watu waliofikiwa na safari yake. Uhakiki wa fasihi ya safari unaoishia kwa walioandika hauwezi kuifikia hata tabaka ya kwanza.

5.0 Niania na lugha iliyobaki

Niania iko katika ukanda huo huo wa msitu, katika wilaya ya Mambasa, mkoani Ituri. Hapo barabara kutoka Kisangani hugawanyika, mkono mmoja ukielekea kaskazini hadi Wamba na Isiro, na mwingine mashariki kupitia Epulu na Mambasa kuelekea Bunia. Upande wa Epulu ndiko iliko hifadhi ya okapi iliyoundwa mwaka 1992. Wandaka na Wambuti ni miongoni mwa wenyeji wa msitu huo, na wageni wamekuja kwa sababu ya dhahabu, biashara na barabara. Lugha wanayokutania ni Kiswahili, kikiwa bega kwa bega na Kilingala.

Kiswahili hicho hakikuletwa na shule ya Unguja. Kililetwa kwa miguu na wafuasi wa watu kama Ugarrowwa na Kilonga-Longa, ambao wengi wao walikuwa vijana wa Manyema, na baadhi walitekwa wakiwa wadogo kabla ya wao wenyewe kushikishwa bunduki. Jina ambalo Kiswahili cha Kongo lilipewa zamani, Kingwana, limetokana na neno waungwana. Neno ambalo pwani lilimtenga mtu huru na mtumwa likawa, huko bara, jina la kila aliyevaa kanzu na kufuata bendera ya msafara, hata kama mwenyewe alikuwa mtumwa wa mtu. Katika neno hilo moja mna historia ya uhuru wa kudai, unaofanana sana na nasaba aliyoidai Hamed mbele ya Kasongo Rushie. Utawala wa Waarabu na Waswahili katika Kongo ya mashariki ulivunjwa kwa vita vya mwaka 1892 hadi 1894, lakini lugha ilibaki, ikachukuliwa na serikali, misheni na masoko, ikabadilika vinywani mwa watu waliokuwa na lugha nyingine za mama.

Hapa ndipo idara za Kiswahili zinapopaswa kujihoji. Kwa muda mrefu Kiswahili cha Kongo kimechunguzwa zaidi kama tatizo la sarufi: upatanisho umepungua, viambishi vimechanganyika, watu wamekuwa batu. Yote hayo ni kweli na yanastahili uchunguzi. Lakini lahaja hiyo ni pia kumbukumbu ya safari, pengine iliyo kubwa kuliko vitabu vyote vilivyotajwa juu, kwa kuwa waliyoiacha ni wale wasiokuwamo katika vitabu hivyo. Kila mahali neno la pwani lilipofika na kupata sura mpya, mtu alilibeba. Neno halisemi jina lake, ila linathibitisha kwamba alipita na akasikilizwa.

Kuna atakayepinga kwamba lugha si matini, na kwamba mhakiki hawezi kuhakiki kisichoandikwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini imekwisha kujibiwa kwa vitendo mahali pengine Kongo. Mwaka 1965 André Yav aliandaa, kwa Kiswahili cha Katanga, habari za mji wa Elisabethville kwa mtazamo wa waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wabelgiji. Johannes Fabian alizichapisha na kuzichambua mwaka 1990. Waandishi wake walikuwa jamaa wa kazi wa Selim bin Abakari, ingawa hawakumjua, na lahaja yao, iliyodharauliwa na wapenda usanifu, ilibeba historia ambayo hakuna Kiswahili sanifu kilichoibeba. Ituri bado inangoja kazi ya namna hiyo. Wapo madereva wa malori, wachuuzi, wachimbaji na wazee waliohamahama kwa sababu ya vita, ambao wamesafiri umri wao wote katika barabara zinazokutana Niania. Vyuo vikuu vya Kisangani na Bunia viko kwenye ncha mbili za njia hiyo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu ana mada hapo, mradi aandike masimulizi kwa lugha ile ile aliyoisikia, bila kuyasafisha yafanane na ya pwani, na mradi amuulize msimulizi swali ambalo Velten hakuhitaji kuwauliza wake: habari hizi ungependa zisomwe na nani?

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba wingi wa safari, hiari ya msafiri na umiliki wa kumbukumbu ni mambo matatu yasiyokwenda pamoja lazima. Hamed bin Muhammed alikuwa na njia, akafungwa na deni na baadaye mshahara, na akaipata kalamu uzeeni. Selim bin Abakari hakuwa na njia, lakini jicho lake lilijipatia nafasi katika kazi iliyoagizwa. Uledi Balyuz aliipata njia na kuikosa kalamu, na walioathiriwa na njia yake wakakosa vyote viwili.

Inafuata kwamba Maisha ya Hamed bin Muhammed hayafai kuendelea kufundishwa peke yake kama mwanzo mtukufu wa tawasifu ya Kiswahili. Yafundishwe pamoja na Safari za Wasuaheli, pamoja na kurasa za Stanley zinazomtaja Uledi, na pamoja na masimulizi ya Kongo yanayoweza bado kukusanywa. Yakisomwa hivyo hayatapungua hadhi. Ustadi wake wa kusimulia mapatano utaonekana wazi zaidi, na mwanafunzi atakapofika kwenye hesabu ya frasila ataweza kuuliza zilibebwa na nani, kutoka wapi, na mabegani mwa watu wangapi.